Jina Nililosahau Kulisoma

Vijana wanaosomea uinjilisti wamenitumia ujumbe mara tatu wakiniomba niwaandikie machache kuhusu kazi kabla sijasahau. Wanataka, wanasema, siri za huduma. Siri ninazo nyingi, na karibu zote si zangu. Nimestaafu juzi tu. Magoti yamechoka, masikio yamechoka zaidi, na mtu akibisha mlangoni sasa hivi kutaka kuungama nitamwomba arudi kesho. Lakini nimeahidi, kwa hivyo naandika. Habari za vyeo nitaziruka, kwa sababu sikupanda sana na hakuna mtu aliyeshangaa.

Nilizaliwa Trans-Nzoia, katika familia iliyotoka Murang'a kutafuta shamba. Kazi niliianzia Kitale. Kanisa lilinipa baiskeli yenye breki moja, gambuti zilizonizidi saizi, na kaunta buku mbili za bluu. Asubuhi ya kwanza Mchungaji Barasa, mzee aliyenifundisha karibu kila jambo jema ninalolijua katika kazi hii, alinituma mtaa wa mabanda wa Kipsongo. Nilikuwa nimekesha wiki nzima nikiandaa mahubiri. Aliyatazama, akayakunja, akayatia mfukoni mwake.

"Enda ukae na watu," aliniambia. "Mtu akikuongelesha, nyamaza."

Nikaenda nikakaa. Aliyenikaribisha alikuwa fundi wa viatu aitwaye Mzee Ekai, mwenye kibanda cha magunia kando ya njia. Alinipa kigoda, akanitazama kuanzia gambuti hadi tai.

"Wewe ndio ule mpya wa kanisa?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi niko na dhambi tatu," akasema kwa sauti iliyowafikia akina mama wa sukuma wiki ng'ambo ya njia. "Moja nitakuambia leo. Hizo zingine mbili mpaka urudi."

Ile ya kwanza ilikuwa kwamba alimshonea mteja mmoja viatu kwa uzi uliooza, makusudi, kwa kuwa yule mteja alimdharau. Nikamwambia, kwa ujuzi wangu wote wa saa mbili kazini, amtafute mtu huyo amwombe msamaha. Akaniambia mtu alishahama, na viatu pengine vilishamwachia huko alikohamia. Ya pili alinipa wiki iliyofuata. Ya tatu hakunipa. Kwa miaka miwili nilipita pale kila wiki, na kila wiki akasema iko karibu. Alipougua, nikaenda kumwona kwake, nikamuuliza sasa hiyo ya tatu ni ipi.

"Hakukuwa na ya tatu," akasema. "Ungekuja kweli?"

Ningependa kuandika hapa kwamba ningekuja.

Mchungaji Barasa alinifundisha kusikiliza, na namna yake ndiyo hii, muichukue. Usikae ukitazamana na mtu anayeungama. Kaeni ubavu kwa ubavu, kama watu wanaosubiri mvua ipungue. Usishike kalamu. Akilia, mwache alie, usimpigepige mgongo kama mtoto aliyepaliwa. Usimuulize kwa nini alifanya, maana hajui, na akijua atakudanganya. Muulize swali moja tu: uliyemkosea ni nani, na je, anajua? Kisha mkatize mara tu anapoanza kuungama dhambi za jirani. Hilo mtalikuta sana. Katika miaka yangu yote nimesikia dhambi za wakwe nyingi kuliko za waliokuja kuungama.

Na alinifundisha kitabu cha nidhamu. Mkristo akianguka hadharani, wazee wa kanisa walikuwa wakimtenga kwa muda. Jina lake liliandikwa katika ile kaunta buku, ukurasa wa kushoto. Ukurasa wa kulia, mkabala na jina, uliachwa wazi kwa ajili ya siku ya kurudishwa. "Upande wa kushoto ni wa mwenye dhambi," Mchungaji Barasa alisema. "Upande wa kulia ni wako. Ukibaki mweupe, mkosaji ni wewe."

Hiyo ndiyo sehemu ya kazi inayochosha, na sikuambiwa mapema. Unajua mambo. Unamkuta mtu sokoni Kitale akinunua viazi, anakusalimu, Bwana asifiwe, na wewe unajua alichomfanyia ndugu yake, na yeye anajua kwamba unajua. Wengine walinipenda kwa hilo. Wengi walivuka barabara. Mke wangu, Mama Njeri, alizoea kuniuliza kwa nini fulani hatusalimii tena, nami nikawa namwambia labda macho yake ni mabovu. Kwa hesabu yangu, nusu ya Kitale ina macho mabovu.

Baadaye nilihamishiwa Bungoma, kanisa dogo upande wa Mabanga. Nilikaa miaka sita. Watu wa kule walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, mimi mtu wa kuja nisiyejua hata kusalimu kwa Kibukusu bila watoto kucheka. Kanisa lilikuwa la mabati, lenye mabenchi ya mbao, na benchi la mwisho, karibu na mlango, lilikuwa la waliotengwa. Halikuandikwa neno lolote. Kila mtu alijua. Aliyekaa pale hakushiriki Meza ya Bwana, hakuimba na kikundi cha akina mama, hakuombea watu, na mtoto wake akifunga ndoa hakusimama naye mbele. Muda ukiisha, mwinjilisti alisoma jina lake Jumapili, mtu akaja mbele, wazee wakamshika mkono, na wimbo ukapigwa. Nimeona wanaume wazima wakitembea kutoka lile benchi kama waliotoka hospitali.

Sasa niwaambie habari ya Mama Wekesa.

Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, binti aitwaye Nasimiyu na kijana wa miaka kumi na tatu, Wekesa. Alilima mahindi na maharagwe, na alikuwa mtu wa kwanza kufika kanisani na ufagio. Ukafika Agosti wa tohara. Familia za kanisa zilikuwa zikiwapeleka vijana hospitalini, kimya kimya, na kwangu hilo lilikuwa jambo la kawaida. Hata mimi nilipelekwa hospitali. Lakini ndugu za marehemu mume wake walisema mtoto wa kaka yao atapiga njuga, atapakwa matope mtoni, atasimama nyumbani kwa baba yake mbele ya watu. Na watu hawaji bila busaa, pombe ya wimbi ambayo kanisa letu liliikataza. Na busaa hupikwa na mama wa nyumba.

Alikuja kwangu Jumatatu asubuhi, kabla mtu yeyote hajamsema, ingawa harufu ilishamsema. Aliacha gambuti zake mlangoni.

"Mwinjilisti, nimepika busaa."

"Ya nini?" Tayari nilikuwa nimevunja kanuni ya Mchungaji Barasa.

"Ya tohara ya Wekesa. Baba yake hayuko. Ningekataa, mtoto angesimama hapo kama mtu hana watu."

"Uliionja?"

"Niliionja. Si lazima nijue kama imeiva?"

"Na unajuta?"

"Kuficha, najuta sana. Nilificha wimbi chini ya kitanda kama mwizi. Kupika, bado naomba Mungu anionyeshe."

Leo, mtu akiniambia maneno hayo ningevua kofia. Sijasikia ungamo safi kuliko lile. Lakini nilikuwa na miaka arobaini na kitu, nilikuwa na uchovu wa aina nyingine, ule wa kujiona, na nikasikia kiburi. Wazee walitaka apewe miezi mitatu. Mimi nikashikilia sita. Walikubali kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Na nilipomwambia, niliongeza maneno ambayo hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nimeyatunga mwenyewe, kwa kuwa watu wa benchi walikuwa wakinisumbua kila wiki kuuliza zamu yao, na kwa kuwa nilipenda yalivyosikika. Nilimwambia, "Usije kuniuliza siku. Anayeuliza siku hajatubu. Siku yako ikifika, utaitwa."

"Sawa, Mwinjilisti," akasema. Akavaa gambuti akaenda.

Jumapili iliyofuata alikaa benchi la mwisho, amefunga kitambaa cheupe kichwani.

Mwezi wa tano wa nidhamu yake nikapata barua ya kurudishwa Kitale. Barua ilifika Jumatano, lori likaja Jumamosi. Mnajua kuhama kwetu kulivyo, kuku miguu imefungwa, godoro juu, mke amekasirika. Niliacha funguo, baiskeli, vikombe vya ushirika na kaunta buku ya bluu kwa mwenzangu aliyekuja kushika nafasi yangu. Kaunta buku nyingine ya bluu ikaingia katika sanduku langu. Kumbe nilimkabidhi mwenzangu mahubiri yangu ya miaka sita, nikabeba dhambi za watu hadi Kitale. Hakuwahi kunipigia simu kuuliza. Juzi tu ndipo niliposikia kwamba mahubiri yangu aliyatumia yote, na yalipokewa vizuri kuliko nilipoyahubiri mimi.

Nilifanya kazi Kitale miaka kumi na moja mingine. Nilizika, nilipatanisha, nilikaa ubavu kwa ubavu na watu wengi. Mwaka huu nikastaafu, na ikabidi tuiachie nyumba ya kanisa. Tulipokuwa tukipakia, Mama Njeri akafungua lile sanduku akitafuta mapazia. Akanipa kitabu. Nikakifungua nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Kushoto majina tisa. Kulia siku nane. Mkabala na Mama Wekesa, peupe.

"Utakuwa ulisahau tu kuandika," Mama Njeri akasema. "Si wazee walikuwepo? Watakuwa walimrudisha."

Nililishika neno hilo siku mbili nzima, nikijua kwamba halinishiki. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amefariki mwaka uleule niliohama, wa pili alihamia kwa mwanawe Nairobi. Na hata wangekuwepo, kule hakuna mtu wa heshima anayemuuliza mwenzake mambo ya benchi. Ingekuwa kama kuuliza mtu kwa nini amefunga kidonda. Siku ya tatu nikaenda Bungoma.

Kanisa la Mabanga sasa ni la mawe. Kuna viti vya plastiki, spika, na ukuta wa kuonyeshea nyimbo. Mchungaji ni kijana, msomi, mwenye adabu. Aliniita baba mara nyingi. Nilipotazama nyuma, nikaona karibu na mlango benchi moja la mbao.

"Mliacha hilo moja?"

"Hilo tulitaka kulitoa, baba, lakini kuna mama mmoja hulipenda. Mama Wekesa. Tukasema tumwachie tu, labda ni mambo ya mguu." Akatabasamu. "Huyo ni mtu wa Mungu kabisa. Hawa wanafunzi wa Chuo cha Kibabii wakija, wote wanamkimbilia baada ya ibada. Anakataa kuwawekea mikono, anasema hana ruhusa. Anawaambia waseme wenyewe, yeye atasikiliza. Hata huo mguu sijui kama unamuuma."

"Na ushirika?"

"Ukipita huinamisha kichwa. Mwanzoni nilishangaa. Halafu nikaona ni mtu wa kufunga sana. Si unajua kuna akina mama wa hivyo."

Nilitoka nje nikashika ukuta. Hakuna aliyekuwa akimtenga. Kanisa zima lilikuwa limekwisha kusahau kwamba lile benchi lilikuwa na maana. Aliyebaki akijua alikuwa yeye peke yake, na mimi huko Kitale, ambaye nilisahau.

Nilimkuta nyumbani akichambua maharagwe kwenye ungo, uani. Alinijua kabla sijafika. Akaleta kiti, akauliza habari ya Mama Njeri, akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikasogeza kiti nikakaa ubavuni mwake, nikamwambia. Sikupamba. Nilisema kitabu nilikibeba, nilisahau, muda wake ulikuwa miezi sita tu, uliisha mwezi mmoja baada ya mimi kuondoka.

Aliendelea kuchambua. Nilihesabu mawe matatu aliyoyatupa.

"Kwa hivyo hakuna kitu ingine nilikosa?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, Mama Wekesa."

"Mimi nimetafuta," akasema polepole. "Miezi sita iliisha, nikajua imeisha, mimi najua kuhesabu. Hukuniita. Nikasema basi kuko kingine Mungu ameona na mimi sijaona. Nikatafuta. Nilienda kwa shemeji yangu nikamwomba msamaha ya shamba, na ni yeye alinikosea. Nikaacha kuuza maziwa Jumapili. Nikatafuta mpaka mambo ya usichana. Kila mwaka nasema, labda ni hii."

"Ungeniuliza," nikasema, na neno lilipotoka nilitamani kulimeza.

"Si ulisema nisiulize?"

Hakulisema kwa hasira. Ndiyo maana lilinipiga. Akaniambia Nasimiyu alifunga ndoa, na shangazi yake ndiye aliyesimama naye mbele, na yeye akatazama kutoka benchi. Sherehe ilikuwa nzuri, akasema, ila kutoka kule nyuma hakuona pete.

Nikamwomba anisamehe. Nimewaongoza watu wengi katika maneno hayo, na sikujua yanakauka mdomoni namna ile.

"Mimi nitakusamehe, Mwinjilisti. Nitafanya nini na wewe? Lakini usianze na mimi. Anza na Wekesa." Akaweka ungo chini. "Huyo kijana aliona mama yake anakaa hapo nyuma kwa sababu ya tohara yake. Mwaka wa kwanza alinyamaza. Wa pili akaniambia, mama, toka hapo. Mimi nikamjibu vibaya. Nilimwambia, wewe ndio ulinifikisha hapa. Nilikuwa nimechoka. Akatoka kanisa, akatoka nyumba. Hata Krismasi hakuji. Anatuma tu kitu kwa simu."

"Yuko wapi?"

"Si yuko kwenu Kitale. Anachomelea vyuma."

Miaka yote hiyo tulikuwa mji mmoja. Nilimkuta kesho yake katika karakana ya mabati nyuma ya soko, kijana mrefu mwenye mabega ya baba ambaye sikumjua. Alikuwa akitengeneza geti. Akainua kinyago cha kuchomelea.

"Niaje mzee. Unataka geti ama dirisha?"

Nikamwambia mimi ni nani. Akateremsha kinyago akachomelea mshono mzima, bila haraka, na mimi nikasimama nikitazama chini kwa ajili ya ule mwanga. Alipomaliza nikamwambia yote, kwa kirefu kama nilivyomwambia mama yake.

"Ati ulisahau," akasema.

"Nilisahau."

"Mtu husahau mwavuli, mzee."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa najua ni Mungu amekataa. Nikasema kama amekataa mathe, mtu anafagia kanisa kabla kuku ziamke, mimi nitaenda kufanya nini huko? Kumbe hata Mungu hakuwa anajua hiyo story. Kumbe ni kitabu ilibebwa na godoro." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Na huko kanisa utasema nini?"

"Nitasoma jina lake Jumapili. Nitasema kosa lilikuwa langu."

"Hivyo tu, mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Hiyo nitakuja kuona. Lakini usiniulize kama nimekusamehe. Niko na kazi."

Nikamwambia sitamuuliza. Hilo angalau nilikuwa nimejifunza.

Jumamosi mchungaji kijana alinipigia simu. Alikuwa amefikiri. Hakutaka watu waumie, na hakutaka mimi niaibike baada ya utumishi mrefu. "Baba, si tuseme tu kulikuwa na shida ya rekodi? Ni kweli pia." Na ilikuwa kweli. Nitawaambia ukweli mwingine, kwamba nililala juu ya neno hilo mchana kutwa kama mtu aliyepewa mto laini. Shida ya rekodi. Haina jina la mtu. Ningesoma, wangepiga makofi, tungeimba, ningerudi Kitale na heshima yangu kamili. Nikakumbuka watu wote niliowakatiza kwa kusema dhambi za jirani. Nikampigia tena nikamwambia hapana, mwanangu, nipe dakika tano na kipaza sauti.

Jumapili kanisa lilijaa, wengi wanafunzi, wachache sana wa zamani. Mama Wekesa alikuwa benchini. Wekesa alifika ibada ikiwa katikati, akasimama nje ya mlango na kofia ya pikipiki mkononi. Nilisimama mbele, kaunta buku mkononi.

Nilisema mimi ni Mwinjilisti Kamau, niliyehudumu hapa. Nilisema kwamba lile benchi nyuma lilikuwa la watu waliotengwa, na vichwa vyote vikageuka, vijana wakatazamana. Nilisema kwamba dada yetu aliketishwa pale na mimi kwa miezi sita, adhabu iliyozidi kosa, kwa kuwa niliita unyofu wake kiburi. Nilisema nilimkataza kuuliza, na kukataza huko nilikutunga mwenyewe, hakukuwa kwa Mungu wala kwa kanisa. Kwamba nilihama nikamsahau, akatii neno langu miaka kumi na moja. Kwamba kijana wake aliliacha kanisa kwa sababu yangu. Kisha nikasoma jina lake, lote, kama lilivyoandikwa, na kusema kwamba amerudishwa, na kwamba anayeomba kupokelewa leo ni mimi.

Hakuna aliyepiga makofi. Msichana mmoja wa Kibabii, kati ya wale waliokuwa wakimwendea, alianza kulia. Mchungaji alitazama sakafu.

Kawaida aliyesomwa jina huja mbele. Mama Wekesa alisimama, akatazama ile njia kati ya viti kama mtu anayepima mto, kisha akageuka akaenda mlangoni. Akamshika Wekesa mkono. Sikusikia alichomwambia. Niliona tu kijana ameinama, bega lake limegusa kitambaa cha mama yake, na wote wawili wakaingia, wakakaa benchini.

Mchungaji akaniuliza kwa kunong'ona sasa tufanye nini. Nikachukua sinia la ushirika nikalipeleka nyuma. Ni safari ndefu ile, vijana, kutoka meza hadi mlango. Nilikuwa sijawahi kuitembea kwa upande huo. Wekesa alitikisa kichwa, nami nikapita. Mama Wekesa alichukua mkate, akautafuna kwa muda. Akachukua kikombe kidogo cha plastiki kwa vidole viwili, akafumba macho, akanywa.

Akafumbua macho. Akatazama ndani ya kikombe.

"Mlibadilisha divai," akasema.

"Ndiyo, Mama Wekesa. Walibadilisha."

"Lini?"

Wekesa naye aliinua macho, akingoja nijibu. Nikawaambia sijui, nilikuwa Kitale.